Futi za Mraba na Miguu ya Watu

Kioo cha shangazi yangu kilishushwa na wanaume wanne kwa ngazi za umeme ambazo zilikuwa zimesimama miezi saba. Ngazi za aina hiyo zikisimama ni mbaya kuliko ngazi za kawaida. Vidato vya juu na vya chini kabisa ni vifupi, vya katikati ni virefu, na mguu haujui uamini nini. Shangazi alitangulia mbele yao akirudi kinyumenyume, mikono ameinyoosha kama anayemfundisha mtoto kutembea, akisema, "Polepole, baba. Polepole. Hapo kuna hatua ndogo."

Ni kioo cha futi saba chenye fremu ya mvule. Alikinunua Mwembe Tayari wiki ile aliyofungua duka, na alikilipa kabla hajalipa cherehani. Mwanamke anayejaribu buibui, alisema, lazima ajione kuanzia utosini hadi kwenye vidole vya miguu, la sivyo hununui buibui, unanunua bahati. Tulipofika chini hapakuwa na mtu wa kumwomba atupishe. Ilikuwa Jumamosi, saa tano asubuhi. Miaka kumi nyuma, saa kama hiyo, ungeshindwa kupita hapo hata na mfuko wa sukari.

Moli hiyo siitaji jina. Sisi wa ng'ambo ya daraja la Nyali, hapa Mombasa, tuliiita moli tu, hata zilipojengwa nyingine kubwa kuliko hiyo. Naandika kwa sababu nimesikia mara nyingi mno watu wakieleza kifo chake kwa neno moja: mara eti watu wa Kisauni hawana pesa, mara eti siku hizi kila kitu kinanunuliwa kwenye simu. Mimi nililelewa ndani ya lile jengo, na madaftari ya shangazi ninayo. Yanasema jambo jingine.

Aliyezaliwa juzi hajui kwamba upande wetu ulikuwa mashamba. Nyali ilikuwa shamba la makonge. Frere Town ilianzishwa na wamishonari mwaka 1875 iwe makao ya watumwa waliokombolewa, na kengele yao ndiyo iliyoacha jina la Kengeleni, ambalo makondakta wanaliita mpaka leo. Kisiwani ulivuka kwa mashua, kisha mwaka 1931 likawekwa daraja la kuelea, na hili la zege tunalolijua likafunguliwa 1980. Baada ya hapo kisiwa kikaanza kumwagika. Wenye uwezo wakajenga Nyali, wengine tukapanga Kisauni, Bombolulu na Mtopanga, na mahoteli yakajipanga ufuoni hadi Shanzu. Lakini kwa kununua, sote tulirudi mjini. Leso ni Biashara Street. Viungo ni Marikiti. Kitambaa kizuri cha buibui ulikipangia siku nzima, kwani foleni ya darajani jioni iliweza kukukuta na magribi ukiwa bado Buxton, upande wa kisiwani.

Kwa hiyo moli ilipofunguliwa, miaka ya mwanzo ya 2000, furaha yetu haikuwa ya kuiga wakubwa. Ilikuwa furaha ya mtu aliyeletewa maji mlangoni. Ghorofa mbili, supamaketi chini, benki, duka la dawa, muuza aiskrimu, studio ya picha, na juu maduka madogo madogo kama ishirini. Shangazi alichukua moja la juu, karibu kabisa na ngazi za umeme. Kabla ya hapo alishona chumbani kwake, wateja wakipiga hodi hata saa ya kulala.

Kitu kilichonivutia mimi hakikuwa supamaketi. Ni mabenchi. Palikuwa na mabenchi manne ya mbao mbele ya mlango wa supamaketi, pale ubaridi wa ndani ulipokuwa ukitoka kila mlango ukifunguka. Bibi yangu, mama wa shangazi, alilifanya moja kuwa baraza lake. Asiyekuwa wa pwani huenda asielewe uzito wa jambo hilo. Nyumba ya Kiswahili ina baraza mbele, na baraza hilo ni la wanaume. Hapo ndipo wanapokunywa kahawa tungu, wanapocheza bao, wanapozungumza siasa. Mwanamke mtu mzima hupokea wageni wake ndani, au uani. Bibi yangu aliishi miaka sabini bila kuwa na pahali pa kukaa nje, watu wakapita mbele yake, akawatazama na wakamsalimu, pasi na mtu kumuuliza anangoja nani.

Pale alikaa. Kila Jumatano na Jumamosi, baada ya adhuhuri, yeye na wenziwe watatu au wanne, kila mmoja na mfuko wake mdogo wa manunuzi uliompa haki ya kuwepo. Walijua nani kaposwa, nani kahamia, mtoto wa nani kapasi. Na kila aliyewasalimu aliulizwa, "Ushapanda juu kwa binti yangu ukaona madera mapya?" Nusu ya biashara ya shangazi ilianzia kwenye benchi lile. Nasema hivi nikiwa na hakika, kwani mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa kuwapandisha wateja.

Hapa lazima nieleze kodi.

Watu wengi hudhani mwenye duka kubwa ndiye anayelipa zaidi. Kwa jumla ya mwezi, ndiyo. Lakini kwa kila futi ya mraba, supamaketi lililipa chini sana kuliko maduka madogo. Hilo si siri wala dhuluma. Ndivyo moli zinavyoendeshwa karibu kote duniani. Anayeleta watu hupewa nafuu, na wadogo wanaookota watu wake hulipa zaidi. Shangazi, ambaye aliishia darasa la nane, alilifahamu hilo tangu siku ya kwanza. "Mimi silipii chumba hiki," aliniambia, akinyoosha mkasi kuelekea chini. "Nalipia mlango ule."

Ila mkataba haukuandika mlango. Uliandika futi za mraba, tena kwa miaka mitano na miezi mitatu. Ukiwahi kujiuliza hiyo miezi mitatu ni ya nini, jibu ni sheria. Kenya ina sheria ya zamani, Sura ya 301, inayomlinda mpangaji wa duka ambaye mkataba wake hauzidi miaka mitano, au ambaye hana mkataba wa maandishi. Kumpandishia kodi au kumtoa kunapitia utaratibu wake, na ana baraza maalumu la kupeleka malalamiko. Miezi mitatu ikiongezwa juu ya miaka mitano, ulinzi huo umekwisha, na kila kitu kinakuwa kama karatasi ilivyosema. Karatasi ya shangazi ilisema kodi itapanda kila baada ya miaka miwili, haikusema lolote kuhusu kushuka. Alitia saini mara tatu. Mara ya tatu ilikuwa 2014.

Mwaka huo nao una habari yake. Mwezi wa Mei 2014 Uingereza iliwaonya raia wake wasije Mombasa kwa hofu ya mashambulizi, na kampuni za utalii zikawapandisha ndege waliokuwa tayari wamefika. Wengine watakwambia moli yetu ilikuwa ya watalii, kwa hivyo ikafa nao. Si kweli. Watalii tuliwaona, walinunua maji na kadi za posta. Waliotulisha ni waliowahudumia: wapishi, watandika vitanda, walinzi, wasichana wa mapokezi, madereva. Mishahara yao ilipitia ile ATM ya chini mwisho wa mwezi, na tarehe 30 ilikuwa na harufu yake, ya kuku wa kukaanga na viatu vipya. Mahoteli yalipopunguza watu, tarehe 30 ikawa siku kama nyingine. Lakini moli haikufa. Ilikonda tu. Hoteli ikifunga, mpishi huanza kuuza mahamri, na anayeuza mahamri hununua unga.

Unga wenyewe ndio ulioanza kupotea.

Ilikuwa wiki ya mwisho ya Shaabani. Shangazi alinituma tende, tambi na maji ya waridi. Nilipofika kwenye sukari nikaona rafu imejaa kutoka mwisho hadi mwisho, nikavuta pakiti moja, na nyuma yake nikaona ukuta. Safu ilikuwa moja tu. Zilikuwa zimepangwa ukingoni, zimenyooshwa kwa uangalifu, kama meno ya mbele ya mtu asiyekuwa na magego. Nikazunguka upande wa pili. Kote palipokuwa na mafuta ya kupikia, biskuti na majani ya chai, palikuwa na siki. Chupa za siki, lebo zote zikitazama mbele, labda hatua kumi na tano za siki. Kijana mmoja aliyevaa aproni ya supamaketi alikuwa akizipangusa moja moja kwa kitambaa. Tulisoma pamoja Kisauni. Hakuniangalia.

Keshia nilimuuliza mkate.

"Haujaja, dada."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumanne iliyopita." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na sisi tangu mwezi wa pili."

Sikuelewa mara moja kwamba alisema mshahara.

Sitasema supamaketi letu lilikuwa la nani, lakini ugonjwa huo ulijulikana nchi nzima. Nakumatt, supamaketi iliyoanzia na magodoro Nakuru na kulibeba jina hilo, kifupi cha Nakuru Mattresses, hadi mwisho, ilifikia matawi zaidi ya 60 katika nchi nne za Afrika Mashariki. Mwaka 2017 rafu zake zikaanza kuonekana mbao. Januari 2018 ikawekwa chini ya msimamizi kwa amri ya mahakama, na Januari 2020 waliokuwa wakiidai wakapiga kura ifungwe kabisa, madeni yakiwa zaidi ya shilingi bilioni 30. Uchumi, iliyoanzishwa 1975, ilikuwa imeshaanguka mara moja 2006, ikainuka, ikaanza kuanguka tena. Tuskys ikafuata kuanzia 2020.

Kufa kwao kunafanana. Supamaketi huchukua mkate leo kwa mkopo, huuza leo kwa pesa taslimu, na humlipa mwoka mkate baada ya mwezi au miezi miwili. Katikati hapo pesa za mwoka mkate zimelala kwake. Mwenye busara huziweka. Mwenye haraka huzifungulia tawi jingine, na tawi hilo nalo linachukua mkate kwa mkopo. Mambo huenda vizuri kabisa maadamu kila mwezi kuna tawi jipya. Siku mwoka mkate akisema "nilipe kwanza", nyumba nzima hutikisika, na huanza na vitu vinavyonunuliwa kila siku, mkate, maziwa, unga. Siki haina haraka. Siki hubaki hadi mwisho.

Supamaketi letu lilifungwa usiku. Asubuhi tulikuta shata imeshushwa na mlolongo wa wafanyakazi nje wakiwa na sare zao. Wengine walikuwa wamekuja na watoto.

Sasa nirudi kwenye madaftari. Shangazi aliandika kila oda kwenye daftari la shule, jina, vipimo, malipo ya awali. Aliyemjua alimwandika jina. Asiyemjua, aliyepita tu akaona dera dirishani akaingia, alimtia nukta nyekundu kando ya jina. Shaabani ni mwezi wa kuagiza nguo za Idi, kwa hivyo ndio mwezi wa kulinganisha. Shaabani ya mwisho supamaketi likiwa na bidhaa, aliandika oda 63. Zenye nukta ni 41. Shaabani ya kwanza baada ya shata kushushwa aliandika 19. Zenye nukta ni 3.

Tazama hesabu hiyo vizuri. Waliomjua walishuka kutoka 22 hadi 16, na hilo unaweza kuliita ugumu wa maisha. Wasiomjua waliyeyuka. Na kodi ya duka lile, karibu na ngazi, ilikuwa imepangwa kwa ajili ya hao hao. Watu hawakukosa pesa ghafla baina ya Shaabani mbili. Walikosa sababu ya kupita pale.

Alikwenda kwa ajenti wa wenye jengo. Nilimsindikiza. Alikuwa kijana mpole, shati limepigwa pasi, na kwa kweli hakuwa na uamuzi wowote mkononi mwake. Wenye jengo walikuwa mbali na walikuwa na mkopo wa benki wa kulipa. Shangazi akafungua madaftari mawili juu ya meza yake, akamwonyesha nukta. Akaomba kodi ipunguzwe hadi mpangaji mwingine mkubwa apatikane. Kijana akazitazama zile nukta kwa muda, nadhani zilimgusa. Kisha akasema, "Lakini mama, kodi ni ya nafasi. Nafasi haijapungua."

"Nafasi hata makaburini ipo, mwanangu," shangazi akamjibu, akafunga madaftari.

Najua kuna moli zilizopita mtihani huo huo zikavuka. City Mall ya Nyali ilimpoteza Nakumatt, ikampata Shoprite kutoka Afrika Kusini, Shoprite naye akafunga virago vyake Kenya, na sasa yupo Carrefour. Jengo kubwa, lililo penye barabara nzuri na maegesho mapana, huweza kungoja. La kwetu halikuweza, na kila hatua lililochukua ili lingoje ilipunguza watu zaidi. Lilizima mitambo ya ubaridi ili kuokoa stima. Lilizima ngazi za umeme. Ghorofa ya juu ikawa ya walio na magoti mazima tu. Maji ya bowza, yanayoletwa na lori, yakaachwa, tukabaki na ya kisima, ya chumvi, yaliyokula mabomba ya vyoo hadi vyoo vikafungwa. Ada ya huduma iliendelea kama kawaida.

Na waliondoa mabenchi. Hili bado linaniuma kuliko mengine yote, kwani halikuja baada ya kufungwa kwa supamaketi. Lilikuja kabla, wakati mambo bado mazuri. Mtu alipima pale mbele ya mlango, akaona futi kadhaa za mraba ambazo hazilipi kodi, zinakaliwa na bibi wanne na mifuko ya nusu kilo. Wakaweka vibanda viwili vya kuuza kava za simu. Bibi alikuja Jumatano, akakuta kibanda. Alisimama kidogo akiwa ameshika mkono wangu, akauliza kama wamehamishia mabenchi wapi. Mlinzi akasema hajui. Bibi akaingia, akanunua sukari yake, akarudi nyumbani. Hakuja tena Jumamosi. Shangazi alianza kupoteza wateja mwaka ule, taratibu, na hakuna aliyehusisha, hata yeye.

Baada ya hapo hakuna mengi. Duka la dawa likaondoka, studio, aiskrimu. ATM ilipong'olewa ukutani na kuacha tundu lenye nyaya, hata wanaopita njia ya mkato hawakupita tena. Shangazi alimaliza mkataba wake 2019, alilipa hadi senti ya mwisho kwa kuuza mkufu na kukopa kwenye chama chake cha akiba. Mwaka uliofuata Mombasa ilifungwa, hakuna kuingia wala kutoka, kuanzia Aprili hadi Julai 2020, na waliokuwa wamebaki ndani ya moli hawakufungua tena. Upanuzi wa barabara ya kwenda Mtwapa ulipokuja, vibanda vya nje ya ua vilibomolewa. Yule mama wa viazi karai aliyekuwa getini tangu siku ya ufunguzi alibeba karai yake akahamia kwenye steji mpya. Hakuwahi kuwa na mkataba na mtu, na alijua kwamba miguu ikihama, naye anahama.

Shangazi sasa amepanga chumba cha mbele cha nyumba moja si mbali na soko la Kongowea. Wateja wa sokoni hupita hapo tangu alfajiri. Kodi ni chini ya robo ya ile ya moli. Dari ni fupi, kioo hakisimami ndani, kwa hivyo kila asubuhi yeye na msaidizi wake hukitoa na kukiegemeza ukutani chini ya mwarobaini, na jioni hukirudisha kikiwa kimelazwa ubavu. Ametundika leso mbili kwenye kamba ziwe pazia, mteja avae nyuma yake kisha atoke ajitazame. Fremu imeanza kupauka kwa jua. Mbele ya nyumba lipo baraza, na mwenye nyumba ni mjane, wanaume hawakai pale.

Nilikwenda wiki iliyopita. Palikuwa na wanawake watano barazani, mmoja akichambua mchele, na msichana wa kama miaka kumi na sita amesimama mbele ya kioo na buibui la mahafali. Nyuma yake ndani ya kioo zilipita tuktuk, mkokoteni wa matikiti, matatu ya Bamburi, na yeye alikuwa akiyafuata kwa macho. Shangazi alikuwa amepiga magoti chini, pini mdomoni, akipima upindo.

"Waache hao wapite," akasema bila kuinua kichwa. "Jitazame wewe. Haya, geuka."

Msichana akageuka.